Alhambra, Kasri la Maji

Granada ina mito, lakini mito iko bondeni na kasri la Alhambra liko juu kilimani. Muhammad wa Kwanza, mwasisi wa ukoo wa Wanasri, aliingia mjini mwaka 1238, na kazi mojawapo iliyofanywa kwanza ikawa kuyapandisha maji. Mafundi wakaukinga mto Darro kilomita zipatazo 6 kutoka hapo, mahali unapopita juu kuliko kilima chenyewe, wakachimba mfereji wa kuteremka polepole mpaka ikulu. Hapakuwa na pampu, ni mteremko tu na jicho la fundi.

Nilikwenda kutoka Málaga, ninakosomea Kihispania, pamoja na wenzangu wa darasani na mwalimu wetu. Basi linakatiza mashamba ya mizeituni kwa muda usiofika saa mbili, kisha Sierra Nevada inajitokeza na theluji yake. Kata tiketi mapema, maana kuingia makasri ya Wanasri kunapangiwa saa.

Kabla ya saa yetu tulipanda Generalife, bustani ya masultani. Kuna ngazi pale ambayo kuta zake za kushikilia zimechongwa mifereji kwa juu, na maji yanateremka ndani yake kwa kasi. Ukiweka mkono, unashuka ngazi ukiwa umeshika mto. Joto la Andalusia lote linaishia kwenye viganja.

Katika Ua wa Comares mwalimu alituita tuchutame kando ya bwawa. Kila upande wa mwisho kuna sinia la marumaru. Maji yanabubujika hapo, yanazungushwa kwanza, na yanapoingia bwawani yameshatulia. Ndiyo maana uso wa bwawa hautikisiki, na mnara wa mita 45 unaonekana mzima ndani yake. Mimi nauhesabu ufundi huo kuwa mkubwa kuliko nakshi zote za dari.

Kisha Ua wa Simba, kazi ya Muhammad wa Tano: nguzo 124 nyembamba, na simba 12 wa marumaru wanaotoa maji vinywani. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani utotoni tuna bahati ya pekee humu, kwani kuta zinasomeka. Kaulimbiu ya Wanasri, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, imerudiwa kila mahali kwenye lipu. Niliwasomea wenzangu, nikawaeleza kwa Kihispania.

Mlinzi mmoja, mama wa makamo, alisogea kusikiliza. Akaniuliza natoka wapi, na kama kwetu kuna majengo ya namna hii. Nikamtajia Kilwa Kisiwani, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya Alhambra. Nikamweleza Husuni Kubwa, ikulu ya mawe ya matumbawe juu ya bahari, yenye bwawa la pembe nane, ambayo wanahistoria wanaihusisha na Sultani Hasan bin Sulaiman. Ni karne ya 14, karne ileile ya simba wale.

Tena kuna mtu aliyefika kote kuwili. Ibn Battuta alimkuta Sultani Hasan Kilwa mwaka 1331, akausifu mji ule kwa uzuri. Miaka kama 20 baadaye alikuwa Granada, enzi ya Yusuf wa Kwanza, aliyeujenga mnara wa Comares. Sultani alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ila mama yake alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Katika bustani moja ya mji huo, Ibn Battuta alikutana na kijana msomi, Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada. Ndiye aliyekuja kuandika simulizi za safari zake huko Fez, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Kwa hiyo ukurasa wa Kilwa tunaoutegemea hadi leo umepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada.

Nilimsimulia mama yule yote hayo palepale, kwa Kihispania, mpaka zamu yake ilipokwisha.