Mfuko wa Mbolea na Njia Zake

Kwa mama mmoja mkulima wa mahindi wilayani Songea, miaka ya kilimo haihesabiwi kwa mavuno tu. Anaikumbuka kwa namna mbolea ilivyomfikia.

Alipokuwa msichana, mfuko uliuzwa Songea kwa bei ileile ya Dar es Salaam. Serikali ilikuwa imeweka bei moja nchi nzima na gharama ya safari ndefu hadi mkoani Ruvuma ikabebwa na Hazina. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walizoea mbolea katika miaka hiyo, na mahindi yao yakalisha miji. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Ruzuku ikapunguzwa msimu hadi msimu, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 haikuwapo tena. Kiwanda cha mbolea cha Tanga nacho kilikuwa kimefungwa. Baba yake alirudia samadi, na mahindi ya shamba la mbali yakawa ya njano.

Mwaka 2003 serikali ilianza tena kuchangia usafirishaji. Lakini kitu alichokishika mkononi mwenyewe kilikuja 2008, bei ya mbolea duniani ilipopaa: vocha.

Zilikuwa tatu, za kutosha ekari moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Kila moja ilibeba takriban nusu ya bei, iliyobaki akalipa mkulima. Majina yalipitishwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanaume na wanawake kwa idadi sawa, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipewa kipaumbele. Mama huyu alikuwa mjane. Jina lake likasomwa mkutanoni. Dukani kwa wakala alifungua pindo la khanga, akahesabu noti, akaweka dole gumba kwenye daftari. Shambani alipima urea kwa kizibo cha soda, kimoja kila shina, na watoto wakifuata nyuma kufukia. Wakala naye alipeleka vocha benki ya NMB ili alipwe.

Nusu bei, hata hivyo, haimfai asiye na nusu ya pili. Jirani yake aliuza vocha zake kwa hela kidogo ya kununulia unga, na mbolea ikaishia kwa mwenye shamba kubwa. Msimu mmoja vocha zilifika mahindi yakiwa yameshaota. Mbolea ya kupandia ikakaa ndani mwaka mzima. Kuchelewa huko ndilo kosa zito kuliko yote, kwa sababu mvua za Novemba na Desemba hazimsubiri mtu. Mpango wa vocha ulitaka kila kaya isaidiwe misimu mitatu, kisha ijitegemee. Baada ya msimu wa 2013/14 ukakoma, na mama akarudi kununua mbolea ya kupimiwa kwa kilo.

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilizidi kuitikisa bei, mfuko wa kilo 50 ukavuka shilingi 120,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150, na mbolea za urea na DAP zikauzwa 70,000 kwa mfuko. Safari hii hakukuwa na karatasi wala kamati ya kuchuja: kila mkulima aliandikishwa kijijini na kupewa namba yake. Hilo lilikuwa jambo jema, maana maskini hakulazimika tena kumbembeleza mtu ili jina lake lipite. Ila maduka yenye mbolea ya ruzuku yalikuwa machache na ya mbali. Mama alifika mjini alfajiri, akapanga foleni hadi jioni, akaambiwa, "Mama, namba yako haisomi." Alilala kwa binti wa dada yake, kesho yake ikasoma.

Misimu iliyofuata mawakala waliongezeka na vyama vya ushirika vya msingi vikaingia katika usambazaji. Sasa mfuko anaufuata kata ya jirani kwa bodaboda, na nauli aliyokuwa akiitumia kwenda mjini anaiongezea kwenye bei ya mfuko wa pili.