Meza ya Lwów na Deni la Bata Bukini

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa utafiti hauwezi kushamiri pasipo maabara ghali na ruzuku nono. Yamkini dai hilo lina mashiko katika fani nyingine, lakini katika hisabati upo mkahawa mmoja unaolisuta. Ulijulikana kama Mkahawa wa Kiskoti, nao ulikuwa katika mji wa Lwów, ambao kati ya vita viwili vikuu ulikuwa nchini Poland na leo huitwa Lviv, nchini Ukraine. Humo, katikati ya moshi wa sigara na bilauri za vinywaji, ndimo Stefan Banach na wenzake walimojadili nafasi ambazo ulimwengu mzima sasa unaziita nafasi za Banach.

Banach alizaliwa Kraków mwaka 1892, akalelewa na watu wasiokuwa wazazi wake. Mwaka 1916 mwanahisabati Hugo Steinhaus alikuwa akitembea katika bustani ya mji huo, akawasikia vijana wawili wakizungumza juu ya nadharia ya Lebesgue, jambo ambalo hakulitarajia kusikika bustanini. Mmoja wao alikuwa Banach. Steinhaus alikuja kusema kuwa katika ugunduzi wake wote, Banach ndiye mkubwa zaidi. Mwaka 1920 Antoni Łomnicki alimwajiri kijana huyo kama msaidizi katika chuo cha ufundi cha Lwów, ingawa hakuwa amekamilisha masomo ya shahada. Mwaka huohuo aliwasilisha tasnifu yake ya uzamifu, nayo ikachapishwa mwaka 1922.

Tasnifu hiyo ilileta nini? Msomaji achukue mfuatano wa nambari 1, 1.4, 1.41, 1.414 na kuendelea. Kila nambari hapo yaweza kuandikwa kama sehemu: 1.4, mathalani, ni 7/5. Hatua zinazidi kuwa fupi na nambari zinazidi kukaribiana, ishara tosha kwamba msafara huu una mahali unakoelekea. Unaelekea kwenye kipeuo cha pili cha 2, na hicho hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Basi katika nchi ya sehemu tupu, msafara huo hauna pa kutua. Nchi ina shimo. Nafasi timilifu ni ile isiyokuwa na mashimo kama hayo: kila msafara ambao wasafiri wake wanakaribiana bila kikomo hupata makao mumo humo. Ujasiri wa Banach ulikuwa kuutoa wazo hilo kwenye nambari na kulipeleka kwenye vitu vikubwa zaidi. Grafu nzima yenye kupinda ilihesabiwa kuwa nukta moja tu, ikapewa kipimo cha ukubwa wake, na hivyo umbali baina ya grafu mbili ukaweza kutajwa. Mtu anayetafuta suluhisho la mlingano mgumu kwa kukisia, kisha kurekebisha kisio lake tena na tena, anahitaji hakikisho kwamba mwisho wa makisio hayo upo. Utimilifu ndio hakikisho lenyewe.

Mkahawani walikuwa wakiandika kwa penseli juu ya meza za marumaru. Inasimuliwa kuwa kikao kimoja kilidumu saa 17, kikazaa ithibati muhimu, kisha meza ikafutwa na ithibati ikapotea. Hatimaye Łucja, mkewe Banach, alinunua daftari, nalo likawa likihifadhiwa hapo mkahawani. Swali la kwanza liliandikwa tarehe 17 Julai 1935. Aghalabu maswali yaliandikwa kwa Kipoland, lugha ya mezani. Wageni waliandika kwa lugha zao. Jambo hili lafaa kutiliwa maanani na wapenzi wa Kiswahili. Kitabu kikuu cha Banach kilitoka kwa Kipoland mwaka 1931, kisha kwa Kifaransa mwaka 1932. Kifaransa ndicho kilichokisafirisha, hapana shaka. Lakini istilahi zilikuwa zimekwisha kujaribiwa vinywani mwa watu wenye lugha yao, zikabishaniwa, nyingine zikatupwa. Istilahi isiyowahi kubishaniwa mezani haina budi kubaki ya kamusini.

Waulizaji wengine waliahidi zawadi: bia, mvinyo, mlo. Tarehe 6 Novemba 1936 Stanisław Mazur aliandika swali la 153 na kuahidi bata bukini aliye hai. Lilionekana kuwa swali dogo la kukadiria grafu. Mwaka 1955 Alexander Grothendieck alidhihirisha kwamba lilikuwa sura nyingine ya swali kubwa: je, katika kila nafasi ya Banach, yaliyo mengi bila ukomo yanaweza kukadiriwa vyema kwa yaliyo machache?

Wengi wa mezani hawakuishi kulisikia jibu. Swali la mwisho daftarini ni la Mei 1941. Mwishoni mwa Juni mwaka huo Wajerumani waliuteka mji, na Julai wakawaua maprofesa wake kwa risasi. Miongoni mwao alikuwamo Łomnicki, yule aliyempa Banach kazi. Juliusz Schauder, Myahudi, aliuawa mwaka 1943. Banach mwenyewe aliponea katika taasisi ya Rudolf Weigl, iliyotengeneza chanjo ya homa ienezwayo na chawa. Kazi yake ilikuwa kuwalisha chawa kwa damu yake mwenyewe. Alifariki kwa saratani ya mapafu Agosti 1945, akiwa na umri wa miaka 53. Daftari lilisalimika, na mwaka 1957 Stanisław Ulam, aliyekuwa kijana wa meza ileile, alisambaza tafsiri yake ya Kiingereza kutoka Marekani.

Mwaka 1972 Per Enflo, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1944, alijenga nafasi timilifu ambayo makadirio ya namna hiyo hayawezekani ndani yake. Jibu likawa la. Enflo alisafiri hadi Warsaw, na Mazur, ambaye alikuwa angali hai, akamkabidhi bata bukini wake ndani ya kikapu.