Akiba Nayo Huoza: Siku ya Kuhesabu Mahindi Mkongani

Atokaye Mombasa kwenda Mkongani huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ng'ombeni na Waa, na afikapo Kombani huiacha barabara kuu ya Lunga Lunga akashika njia ipandayo Kwale mjini. Minazi huanza kupungua, hewa hupoa, na msitu wa Shimba hujitokeza kwa kijani chake kizito. Mbele ya mji ndiko kwenye mashamba ya mahindi na mihogo, na mikorosho mikubwa ambayo kivuli chake ndicho baraza ya wazee. Huko ndiko tulikokwenda katikati ya mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ungali ukivuma na mvua za mwaka zimekwisha, kwa mwaliko wa jamaa wa msikiti waliotaka darsa ya zaka ya mazao.

Darsa ilikwisha kwa sala ya adhuhuri, lakini mazungumzo hayakwisha. Wakulima walihamia chini ya mkorosho, nasi tukahama nao, kwa kuwa kila alimaye, sala ikimalizika katika mwezi wa mavuno, humwuliza mwenziwe swali moja: umepata ngapi?

Kijana mmoja alisema amepata magunia 16 katika ekari mbili. Alikuwa amepanda mbegu chotara iliyotolewa na watafiti wa Mtwapa kwa ajili ya ukanda huu wa Pwani. Mzee aliyeketi karibu naye, naye akiwa na ekari mbili, alisema amepata magunia 8 ya mzihana, mbegu ya asili aliyorithi kwa wazazi wake. Watu walicheka, na mzee akacheka pamoja nao. Kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hayo 16 ni ya punje au yana magunzi yake?" Kijana akakiri kuwa hajapukuchua bado. Wakulima wote wajua kwamba magunia mawili ya mahindi yenye magunzi, yakipukuchuliwa, hutoa karibu gunia moja la punje. Basi 16 yakawa 8, na wawili wale wakawa sawa.

Ndugu msomaji, hili si jambo la kuchekesha tu. Watu wengi husifu mavuno au huyalaumu kwa vipimo visivyofanana: huyu ahesabu magunia yenye magunzi, yule ahesabu punje; huyu ahesabu siku ya kuvuna, yule baada ya kukausha. Na mama mmoja mjane, aliyekuwa akisikiliza kutoka upande wa akina mama, alitia neno lililowanyamazisha wote. Alisema, "Wazee wangu, msihesabu ya Agosti. Nambieni mwezi wa Machi mlikuwa na ngapi."

Hapo hesabu ilianza upya, na haikuwa na majivuno. Mahindi ya kijana ya mwaka uliopita yalikuwa yamegeuka unga ndani ya magunia kabla ya mwezi wa Februari. Mzee alikula mahindi yake mpaka mvua za mwaka zilipoanza, ila naye alipoteza sehemu kubwa. Mama mjane hakupoteza hata punje moja kwa wadudu, kwani aliyauza karibu yote mwezi wa Septemba kwa ajili ya karo ya shule. Na ulipofika Machi, fedha ya magunia matatu aliyoyauza haikumrudishia ila mawili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa fedha na kwa wema huenda ikawa hivyo. Akiba ya nafaka, nayo huoza, na katika joto na unyevu wa Pwani huoza upesi.

Tuliomba tuonyeshwe mahali mzee anapoweka mahindi yake, naye akatupeleka jikoni. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, yaani dari ya fito, nyeusi kwa masizi, na mahindi yamepangwa juu yake katika maganda yake. Moshi wa kila siku huyakausha na huwafukuza wadudu. Ganda la mzihana hufunika hindi mpaka ncha, na punje zake ni ngumu, kwa hiyo fukusi hupata tabu kuingia. Katika mbegu nyingi za kisasa ganda huwa fupi na punje huwa laini, nayo ni milango miwili kwa mdudu.

Lakini uchaga ulifanyiwa fukusi tuliyemzoea, haukufanyiwa dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwisha kutambuliwa Tabora, nchini Tanzania, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, upande wetu. Yeye hutoboa hata mahindi yaliyomo katika maganda. Tena huyapendelea yakiwa bado yamo katika gunzi, kwa maana punje iliyoshikwa imara humrahisishia kazi ya kutoboa. Ndiyo sababu siku hizi mkulima hushauriwa ayapukuchue mahindi mapema baada ya kukauka, asiyaache katika magunzi kwa miezi.

Mzee aliposikia hayo alitujia na swali la haki. "Sheikh," alisema, "Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaamuru watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake. Mbona nyinyi mwatuambia tupukuchue?" Tulimjibu kwamba nafaka ya Misri ni ngano na hewa yake ni kavu, na kuiacha katika shuke kulikuwa ndiyo hifadhi bora ya wakati na mahali pale. Makusudio ya agizo lile ni kuhifadhi: watu wale kidogo, waweke kingi, na wabakishe mbegu. Mwenye kuhifadhi kwa njia ifaayo katika nchi yake amelifuata fundisho lile wala hakulipinga.

Njia zifaazo kwetu si siri. Ya kwanza ni kukausha. Wakulima wa kandokando ya msitu wa Shimba huvuna kwa haraka, kwa kuwa ndovu hutoka usiku na nyani hushinda mashambani, na mahindi yaliyovunwa kwa haraka huwa mabichi. Mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5 hayafai kuwekwa. Huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa, iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwashika watu 317 katika nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki. Mtu asiye na chombo cha kupimia unyevu atumie chupa kavu na chumvi kavu. Atie mahindi na gao la chumvi, afunge, atikise, kisha angoje robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani, tena juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo.

Ya pili ni kuyafunga mahindi makavu yasipate hewa. Yako magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani yake. Kila mfuko hufungwa peke yake, kisha hufungwa gunia la nje. Wadudu waliomo huimaliza hewa iliyomo wakafa, na hapana haja ya dawa. Sharti ni kwamba mfuko usitoboke, na usifunguliwefunguliwe kila siku kwa kuchota kibaba. La kula liwe mbali, la kuweka liwe mbali.

Ya tatu ni hisabu. Kipimo kilichozoeleka nchini ni karibu gunia moja la kilo 90 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na nyumba yenye mihogo na mtama yaweza kupunguza. Mama mjane ana watu saba nyumbani, naye mwaka huu amepata magunia 8 ya punje. Alikuwa amenuia kuuza matano.

Alituuliza kwanza kuhusu zaka. Kiwango chake ni wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi huzikadiria kuwa karibu kilo 653, yaani magunia 7 na robo hivi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tuyafuatayo hapa Pwani, mavuno ya mwaka na ya vuli yakiangukia ndani ya mwaka mmoja hujumlishwa pamoja. Shamba la mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na la kumwagiliwa kwa gharama nusu ya hiyo. Basi mama yule amewajibikiwa na kilo 72. Hazingoji, kwa sababu fungu la maskini likicheleweshwa bila ya udhuru likaliwa na fukusi, mwenye kulichelewesha hulilipa. Hata hivyo, atoaye zaka ya mazao hazuiliwi kupokea zaka ya wengine ikiwa kilichobaki hakimtoshi yeye na walio chini yake. Wazee walilisikia neno hilo, na hatukuhitaji kulirudia.

Kijana naye aliuliza kama ni haramu kuweka mahindi mpaka bei ipande. Tulimweleza kwamba uhodhi ulioharamishwa ni wa mtu anunuaye chakula wakati wa dhiki ili akifiche na kukiuza ghali kwa wenye haja. Mkulima awekaye mazao ya jasho lake hahesabiwi katika hao, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Ila njaa ikiwafika majirani, mwenye ziada na aiuze kwa bei ya huruma.

Baada ya mashauriano mama aliamua kuuza magunia matatu badala ya matano. Karo ingepungua, na ndugu yake aliyeajiriwa Mombasa akapigiwa simu pale pale ajazilize. Alijibu kwamba kila Machi humtumia dada yake fedha za unga, na kwamba afadhali atume sasa.

Neno lile ndilo tulilotaka kuwaletea nyinyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa Mombasa, Malindi au ng'ambo. Wengi wetu tuna mama, shangazi au kaka shambani, nasi huwakumbuka njaa inapoingia, wakati shilingi hununua kidogo. Fedha ile ile ikitumwa mwezi wa Agosti humwokoa mzazi asiuze chakula chake kwa bei ya chini, na sehemu yake ndogo hununua magunia ya kufungia. Ulizeni wiki hii wamevuna ngapi za punje, zimekauka kiasi gani, na zimewekwa wapi. Mwenyezi Mungu atie baraka katika mashamba yao na katika maghala yao.