Deni Lisilohama na Mpangaji

Nyalikungu, Maswa

Kutoka Mwigumbi, pale barabara ya Maswa inapochepuka kutoka ile ya Shinyanga na Mwanza, lami inapita kati ya mashamba ya pamba na kaya zilizozungushiwa minyaa hadi Nyalikungu, kata uliko mji wa Maswa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na makao makuu yakawekwa Bariadi, lakini Maswa nayo inapokea wageni kila msimu: walimu, wauguzi, maofisa ugani, wanunuzi wa pamba. Wote wanatafuta chumba. Nyumba za kupanga zimejengwa nyingi kwa ramani moja: korido katikati, vyumba huku na huku, choo uani, na mita moja ya umeme ya kulipia kabla, LUKU, kwa nyumba nzima.

Hiyo mita ndiyo iliyonileta. Katika safari zangu nimekuwa nikiuliza swali moja kila ninapofikia: mtu akihama, deni la umeme linahama na nani?

Hapa Nyalikungu nilijibiwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka Meatu. Alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akaingiza kitanda na meza, jioni akanunua umeme kwa simu. Uniti zilizokuja zilikuwa chache mno kuliko alizozoea kwa fedha ile ile. Alidhani mtandao umekosea. Wakala wa pale mtaani akamsomea ujumbe taratibu: sehemu ya fedha imekatwa kulipia deni lililoko kwenye mita. Mpangaji aliyelilimbikiza amekwenda zake na namba yake haipatikani. Mwenye nyumba anaishi Mwanza, naye jibu lake lilikuwa fupi: "Malizaneni huko huko."

Dawa ya deni ni kulipa, wazee wetu wamesema. Hapa mgonjwa ni mmoja na anayenyweshwa dawa ni mwingine.

Ukiusoma ule ujumbe wa ununuzi kwa subira, unakueleza mengi. Kuna tarakimu 20 za tokeni, kuna uniti, kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kisha kuna makato yanayohusu nyumba yenyewe: deni la mita, kama lipo, na kodi ya jengo. Kodi hiyo ilianza kukusanywa kupitia LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Mwezi ukipita bila kununua umeme, kodi haifutiki. Inakaa inakusubiri.

Tufanye hesabu ya mtumiaji mdogo wa kundi la D1, ambaye uniti zake 75 za kwanza za mwezi huuzwa shilingi 100 kabla ya makato, yaani 122 baada ya kodi na tozo. Elfu tano ingempa uniti karibu 41. Lakini akiingia kwenye nyumba iliyokaa tupu miezi miwili, kodi ya jengo ya 3,000 inatoka kwanza. Zinabaki 2,000, na uniti zinashuka hadi 16. Hajawasha hata taa, na tayari amelipia miezi ambayo hakuwapo.

Nyumba ya mita moja ina ugumu mwingine. Wapangaji watano wakichanga kwenye LUKU moja, matumizi yao yanahesabiwa kama ya kaya moja. Kila mmoja peke yake angebaki chini ya uniti 75 na kufurahia bei ya D1. Wakiwa pamoja wanavuka mpaka huo mapema, na bei ya uniti zinazozidi inapaa mara kadhaa. Ndipo ugomvi unapoanza: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajatoa mchango. Na siku mmoja wao anapohama ghafla, sehemu yake ya lawama inabaki kwa wenzake.

Nilimwendea pia mama mwenye nyumba nyingine karibu na soko. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Ng'wangaluka, mayu," akanikaribisha kiti. Yeye anaona upande wa pili. Amewahi kuachiwa deni na mpangaji, akalilipa mwenyewe kwa fedha ya pamba ili chumba kisikose mtu. "Mita ina jina langu," aliniambia. "Anayehama hana cha kupoteza." Hoja yake ni ya haki. Mbele ya shirika la umeme, TANESCO, mteja ni yule aliyesajiliwa, na shirika haliwezi kumfuata kila mpangaji kutoka Maswa hadi Kahama. Deni linakaa kwenye mita kwa sababu mita ndiyo kitu pekee katika habari hii kisichohama.

Vijiji vya nje ya mji

Ukitoka mjini unakuta paa za bati zenye kioo kidogo cha sola. Kwa miaka mingi wenye paa hizo ndio waliokuwa na uchaguzi halisi wa nani awape mwanga. Kampuni za sola ya mkopo zilikuja na utaratibu unaojulikana sasa kila kijiji: unatanguliza kiasi, unalipa kidogo kidogo kwa simu, ukichelewa mtambo unajifunga, ukimaliza unakuwa wako.

Kisha nguzo za REA zikafika. Ada ya kuunganishiwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000, na kwa nyumba ndogo isiyotandazwa nyaya kuna kifaa cha UMETA chenye soketi na taa zake. Mkulima aliyebakiza mwaka mzima wa mkopo wa sola akajikuta njia panda. Hakuna anayemkataza kuvuta umeme wa TANESCO, kwa kuwa deni la sola halisomeki kwenye LUKU. Lakini akiacha kulipa, sola inazima na fedha yote aliyotanguliza inapotea. Akiendelea kulipa, analipia mwanga mara mbili. Wengi niliozungumza nao waliamua kusubiri mauzo ya pamba wamalize la kwanza ndipo waanze la pili.

Kuna wakati kampuni yenyewe ndiyo huhama. Mobisol, iliyoanzia Berlin na kuuza sola nyingi Tanzania, ilifilisika mwaka 2019, na shughuli zake zikachukuliwa na Engie ya Ufaransa. Mdai akabadilika. Mkulima hakuulizwa.

Kampala

Hilo la mdai kubadilika nililiona kwa ukubwa wake Uganda. Umeme Limited ilikabidhiwa usambazaji mwaka 2005 kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba ukaisha tarehe 31 Machi 2025, na tarehe 1 Aprili shirika la umma, UEDCL, likashika kazi. Wateja wa Yaka, mita za kulipia kabla za huko, walibadilishiwa msambazaji tu. Mita zilibaki ukutani na tokeni ziliendelea kununuliwa.

Lakini juu yao palikuwa na deni kubwa lisilomalizika. Serikali ililipa dola milioni 118 za fidia ya uwekezaji ambao haukuwa umerejeshwa. Kampuni ilidai dola milioni 292, na tofauti hiyo ikapelekwa kwenye usuluhishi London. Pande mbili zenye mgogoro wa mamia ya mabilioni ya shilingi za Uganda ziliachana kwa tarehe iliyopangwa, mlango ukafunguliwa, hesabu zikaachwa kwa wasuluhishi. Msambazaji alibadilishwa kabla senti ya mwisho haijalipwa.

Hili nililipigia mstari kwenye daftari. Inawezekana kumbe kutenganisha mambo mawili: kuhama na kudaiwa.

Unguja

Zanzibar umeme huuzwa na ZECO, na mita za kulipia kabla huitwa TUKUZA. Umeme wenyewe, kwa sehemu kubwa, ZECO huununua kwa jumla kutoka TANESCO na kuupitisha chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wazanzibari wanajua maana ya waya ule. Ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu.

Machi 2017 giza lilitishia kuja kwa njia nyingine. Rais John Magufuli aliagiza wadaiwa sugu wakatiwe umeme bila kujali ni nani, na Zanzibar ilikuwa ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Ilani ya siku 14 ikatolewa. Mwisho wake umeme haukukatwa. Serikali mbili zilizungumza na malipo yakaanza kufanyika.

Mama wa Jang'ombe, mjini Unguja, aliyenunua TUKUZA yake kwa fedha taslimu kila wiki alikuwa amelipa kila uniti kabla ya kuitumia. Hata hivyo angekatiwa pamoja na wengine wote, kwa sababu deni lilikaa kwenye waya aliokuwa akiutegemea. Yuko sawasawa na mwalimu wa Nyalikungu: wote wawili hawadaiwi kitu, na wote wawili wako upande usiofaa wa mita.

Leicester, Uingereza

Leicester ina watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, hasa familia za Kihindi zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, na Kiswahili bado unakisikia madukani. Mwenyeji wangu alikuwa dada wa Kitanzania, muuguzi, aliyepanga fleti yenye mita ya kulipia kabla.

Huko nyumba huchagua kampuni ya kuiuzia umeme, nchi nzima, tangu soko lilipofunguliwa kwa kaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Waya ni ule ule. Anayebadilika ni muuzaji. Tangu 2022 uhamisho unalengwa kukamilika ndani ya siku tano za kazi. Kuna kizuizi kimoja: ukiwa na deni lililopitisha siku 28, kampuni unayoihama inaruhusiwa kupinga. Unabaki kwake, hata kama bei yake ndiyo iliyokuingiza kwenye deni.

Kwa mwenye mita ya kulipia kabla, mara nyingi mtu wa kipato kidogo, utaratibu umelegezwa. Deni lisilozidi pauni 500 kwa umeme, na 500 kwa gesi, linaweza kuhama pamoja naye. Kampuni mpya inalichukua na mteja analilipa kidogo kidogo huko aendako.

Deni la mpangaji aliyepita nalo lina kanuni yake. Si lako. Unapiga picha ya mita siku unayoingia, unaitumia kampuni tarehe ya mkataba wako wa kupanga, na deni linaondolewa kwenye mita. Yule dada alifanya hivyo kabla ya kuweka hata pauni moja, kwa kuwa wenzake walishamwonya kwamba ukianza kuweka fedha kimya kimya, mita inakula deni la mwenzako bila kukuuliza.

Sitaisifu Uingereza kupita kiasi. Februari 2023 mdhibiti wao, Ofgem, alilazimika kuzitaka kampuni zisitishe kuwafungia wadaiwa mita za kulipia kabla kwa nguvu, baada ya kufichuka kwamba mafundi walikuwa wakiingia hata nyumba za watu dhaifu. Kuwa na wauzaji wengi hakumwondolei maskini fedheha. Kilichomsaidia yule muuguzi ni kanuni inayosema wazi deni ni la nani.

Baada ya kulinganisha

Hatuhitaji kampuni kumi za umeme Maswa ili tupate kanuni hiyo. Tunahitaji deni limfuate aliyelilimbikiza, na vifaa vya kulifanya limfuate tunavyo. Laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Tokeni nyingi zinanunuliwa kwa laini hizo hizo. Mwaka 2024, mfumo wa kimataifa wa mita za tokeni ulipokaribia kikomo cha kuhesabu muda, tarehe 24 Novemba, wateja wa LUKU waliingiza tokeni maalumu za kuboresha mita zao. Nchi iliyoweza kuifikia kila mita kwa jambo la ufundi inaweza kuzifikia tena kwa jambo la haki: fomu moja ya makabidhiano, yenye jina la anayetoka, jina la anayeingia, tarehe, na deni lililokuwapo siku hiyo.

Kodi ya jengo nayo ni ya mwenye jengo. Serikali ilisema hivyo tangu ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, kwamba mpangaji na mwenye nyumba wamalizane. Maneno hayo yaingie kwenye mikataba ya kupanga, kwa hesabu: shilingi 1,500 kwa mwezi ni 9,000 kwa miezi sita, zitolewe kwenye kodi ya chumba.

Mpaka hapo, anayetafuta chumba Nyalikungu asitoe kodi kabla ya kuiona mita. Aombe namba yake, anunue umeme wa shilingi chache mbele ya mwenye nyumba au dalali, wausome ujumbe pamoja mstari kwa mstari. Deni likionekana, liandikwe kwenye mkataba nani atalilipa, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Likijitokeza baadaye, apeleke mkataba ofisi ya TANESCO wilayani na kudai maelezo kwa maandishi. Asiporidhika, malalamiko yanapokelewa na EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji lipo kwa ajili ya kumsaidia asiyejua aanzie wapi.

Mwalimu wa kutoka Meatu amekwisha kulipa, kidogo kidogo, deni lote la mtu asiyemjua. Anaweza kuvumilia, ana mshahara. Atakayekuja baada yake anaweza kuwa binti anayeanza kazi ya kushona kwa cherehani ya umeme, na elfu tano yake ya kwanza ndiyo mtaji wake wote. Huyo ndiye anayestahili kanuni iwe tayari kabla hajafika.