Chungu cha Ikombe kina somo kwa mwenye mtaji mdogo

Ukisikia watu wanataja usanifu wa bidhaa usidhani ni mambo ya Ulaya tu, vijana wa miwani na kompyuta mezani. Usanifu ni kujiuliza kitu hiki atakitumia nani, kitakaa wapi, kitasafiri vipi, halafu ndipo unakipa umbo. Kama unabisha, panda gari uende Kyela. Na ukifika Kyela usiishie mjini kunywa soda, nenda mpaka Ikombe.

Safari yenyewe ni burudani tosha. Unapita Ipinda, huku na huku mashamba ya mpunga na kakao, mpaka unafika Matema, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Pale Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini kama ukuta. Kutoka Matema nilichagua mtumbwi, maana ndiyo njia ambayo vyungu vya Ikombe vimesafiri nayo miaka nenda rudi. Ziwa lile lina mahali kina chake kinafika kama mita 700, kwa hiyo mtu asiyejua kuogelea kama mimi anakaa kimya na kumpa heshima zote mpiga kasia.

Ikombe ni kwa Wakisi. Ardhi yao ni ya mteremko, mashamba ni madogo, hivyo tangu zamani wanaume huvua samaki na wanawake hufinyanga. Vyungu vyao vilivuka maji kwenda kubadilishwa na chakula kwa Wanyakyusa wa bondeni. Hadi leo vinauzwa soko la Matema, na kutoka hapo vinapanda Tukuyu, Mbeya na mbele zaidi. Yaani hawa akina mama walikuwa wafanyabiashara wadogo kabla hatujaanza kuimbiwa ujasiriamali kwenye semina.

Mimi sikwenda kutalii tu. Dada yangu anafungua mgahawa mdogo Mbeya, na pesa yenyewe ni mkopo wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Anataka samaki wa nazi afike mezani akiwa bado anatokota ndani ya chungu. Wazo tamu! Ila mkopo hauna utani. Vyombo vikivunjika, marejesho yanabaki palepale, na wanakikundi watamkalia mlangoni.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa uani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea na kazi yake. Ana udongo, ana maji, ana kipande cha kibuyu cha kukwangulia na kokoto laini za ziwani za kusugulia mpaka chungu kinang'aa. Gurudumu la mfinyanzi hana. Mkono wake ndio mashine, na ukuta wa chungu unatoka mwembamba, sawasawa kila upande.

Nikamuuliza, "Mama, mbona chungu kina matako ya mviringo? Dada yangu ataki­weka vipi mezani?"

Akacheka. "Mwanangu, wewe unapika mezani?"

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Tako la mviringo linakaa vizuri kwenye mafiga matatu. Moto unalamba pande zote sawa, na udongo unatanuka pamoja. Chungu chenye kona, kona inapata joto tofauti na sehemu nyingine, na ufa unaanzia hapo hapo. Kumbe lile umbo tunaloliona la kishamba limefanyiwa hesabu na mabibi waliopika, wakavunja, wakarekebisha. Nakshi za rangi zinakuja mwisho kabisa. Sisi vijana wa mjini tunaanza na nakshi, tunachapa nembo kwanza, bidhaa baadaye.

Lakini dunia nayo imebadilika, wasomaji wangu. Ndoo ya plastiki imeshika nafasi ya mtungi. Sufuria imeingia kila jiko. Mama yule ana binti mwenye mikono mizuri kuliko yake, lakini binti anataka kwenda mjini kuuza duka la mtu. Huwezi kumlaumu. Chungu chake kinauzwa bei ya kutupa, na vingine vinapasuka njiani kabla havijaona mnunuzi. Ufundi ule wa karne ukikosa mnunuzi mpya, utakufa huku tunautazama.

Tusidhani dawa ni kuiga vya wageni. Angalia jiko la mkaa la Kenya lenye udongo ndani na bati nje. Lilipoanza miaka ya 1980, wazo lilitoka kwenye majiko ya Thailand, lakini matoleo ya mwanzo yalisumbua, udongo ulikuwa unapasuka. Waliolitengeneza wakawasikiliza wapishi na mafundi wa jua kali. Udongo ukabaki sehemu ya juu tu, jiko likapewa kiuno na tako pana lisipinduke mtu anaposonga ugali. Likaenea mpaka nchi jirani, likawapa kazi mafundi wadogo na kuokoa mkaa. Umbo ndilo lililouza.

Na habari ya safari? Kuna kampuni ya IKEA ya Sweden. Ingvar Kamprad aliianzisha mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 17. Miaka ya 1950 wakagundua kwamba meza ikifunguliwa miguu inaingia kwenye gari na haivunjiki ovyo. Wakaanza kuuza samani zilizolala bapa kwenye boksi, mnunuzi anaunga mwenyewe nyumbani. Leo ni kampuni kubwa duniani. Chanzo ni mtu aliyefikiria njia kabla ya kufikiria duka.

Nikamsimulia mama habari ya ile meza. Akanyamaza, akafuta mikono, akatazama kata ya majani anayoweka kichwani akibeba mzigo. Akasema, "Basi nimfinyangie dada yako kata ya udongo."

Bwana wee, nilibaki mdomo wazi! Chungu kinabaki na tako lake la mviringo, kinapikiwa motoni kama kawaida. Kikiiva kinakalishwa juu ya pete ya udongo mezani, hakiyumbi. Halafu akaongeza lake: vyungu vyenye shingo nyembamba haviingiliani, kwa hiyo atafanya bakuli za mdomo mpana za ukubwa wa aina tatu, ndogo ndani ya kubwa, nyasi kavu katikati, zote ndani ya tenga moja. Mzigo unapungua na nafasi ya kugongana inapungua. Na yeye anauza vitu viwili pale alipokuwa anauza kimoja.

Dada alinionya nisiagize mzigo wote mara moja. Tukaanza na seti sita za majaribio. Zimefika Mbeya salama isipokuwa pete moja, na bakuli moja lilipasuka pale msaidizi wa jikoni alipolimwagia maji baridi likiwa la moto. Nalo ni somo: bidhaa nzuri iende na maelezo, hata kama ni maneno mawili ya mdomo. Agizo la pili limeshatumwa, na safari hii bei amepanga mama mwenyewe, si dalali.

Nikamwomba pia achore alama yake chini ya tako. Chungu kikifika mbali, mtu ajue kimetoka Ikombe, siyo "vile vya Mbeya". Anayetaka kwenda mbele zaidi, BRELA ndio wanaosajili alama za biashara, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, kazi yake ni kuwasaidia watu wa saizi yetu.

Kwa hiyo wewe unayeuza sabuni, karanga au mikoba ya ukili, kabla hujakimbilia kuchapa nembo ya kung'aa, mfuate mteja mpaka jikoni kwake. Mwone anavyobeba, anavyofungua, anavyoosha, na kinachomkera. Swali halina kodi. Na ukipita Matema siku ya soko, nunua chungu, ila usimkandamize mama wa watu bei. Ndani ya udongo ule kuna akili nyingi ambayo hatujawahi kuilipia.