Wodi ya Mwisho: Uingereza na Machakos

Mazoezi ya mwisho ya mwanafunzi wa uuguzi ni zile wiki za kuhudumia wagonjwa kama muuguzi kamili, mwenye leseni akiwa kando, kabla ya jina lake kuingia kwenye sajili. Uingereza na Machakos, kaunti ya Kenya, zote zina wiki hizo, ila kinachochaguliwa hakifanani.

Uingereza, mwanafunzi huwa ameshachagua tawi tangu anapojiunga na chuo: watu wazima, watoto, afya ya akili au ulemavu wa kujifunza. Ukunga ni taaluma nyingine yenye sehemu yake katika sajili. Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko, NMC, linadai saa 2,300 za vitendo, na katika mazoezi hayo mwanafunzi hahesabiwi miongoni mwa wauguzi wa zamu. Ofisi ya chuo ndiyo hupanga nafasi, ingawa kwa awamu ya mwisho vyuo kadhaa husikiliza maombi. Swali linalobaki ni wodi ipi: upasuaji, dharura, au wagonjwa mahututi? Mara nyingi huombwa ile ambako mwanafunzi anataka kuajiriwa, kwa kuwa msimamizi aliyemwona kazini wiki baada ya wiki hana mengi ya kumuuliza kwenye usaili.

Machakos, swali ni kituo cha ngazi gani. Anayesomea stashahada ya KRCHN (Kenya Registered Community Health Nurse) hubeba yote kwa pamoja: uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na magonjwa ya akili. Chuo hupanga mzunguko kwa makubaliano na hospitali, na uhuru wa kuchagua ni finyu kuliko wa mwenzake wa Uingereza. Hata hivyo, panapokuwa na nafasi ya kuomba, uamuzi ni mzito.

Machakos Level 5, yaani ya ngazi ya 5, ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti. Hapo mwanafunzi hukutana na mama aliyeletwa na ambulensi, majeruhi wa barabara ya Mombasa, mtoto njiti, na madaktari bingwa wa kuulizwa. Kasoro yake ni msongamano: wanafunzi wa vyuo mbalimbali hujikuta wakizunguka kitanda kimoja, na anayekaa nyuma hutoka leba bila kumpokea mtoto hata mmoja siku hiyo. Kangundo, Kathiani, Mwala na Matuu zina hospitali za ngazi ya 4, ambako mwanafunzi hupata kazi nyingi za mikono. Kituo cha afya cha ngazi ya 3 humfundisha zaidi, mradi awepo muuguzi wa kumsimamia kweli. Asubuhi ni chanjo na kliniki ya wajawazito; usiku anabisha mama mwenye uchungu, na lazima iamuliwe mapema kama atajifungulia hapo au atapelekwa mbele. Uamuzi huo haujifunzwi vizuri mahali ambapo wagonjwa hufika wakiwa tayari wamepewa rufaa. Pasipo msimamizi, mwanafunzi huyo huyo anageuzwa mfanyakazi wa bure, na hilo ni hatari kwake na kwa mama.

Yapo pia ya nje ya wodi. Nauli na kodi ya chumba huamua mengi, na vijijini mgonjwa mzee hueleza maumivu yake kwa Kikamba; asiyekijua atahitaji mkalimani.

Anayewaza kwenda ng'ambo ana jambo jingine la kupima. Wiki za mwisho akizimalizia leba, atakuwa mkunga hodari nyumbani, lakini akisajiliwa Uingereza kama muuguzi wa watu wazima, ujuzi huo hautampa kazi ya ukunga. Marekani hutazama kwa upana zaidi: ukaguzi wa vyeti huangalia saa za nadharia na za vitendo kwa watu wazima, uzazi, watoto na magonjwa ya akili. Kwa sababu hiyo kitabu cha mazoezi kinahitaji sahihi na mhuri wa inchaji (muuguzi msimamizi) wa kila wodi kabla ya mwanafunzi kuondoka, maana inchaji huhamishwa, na miaka mitano baadaye kumtafuta kutoka ng'ambo ni kazi ngumu.