Unga wa protini na chai ya moto

Jumamosi, 8 Julai 2023, Kombani
Kusi imeshika. Hata hapa njiapanda ya Kwale akina mama wamejitanda leso mbili mbili. Mpwa wangu kaja kutoka Ukunda na mkebe wake wa unga wa protini, ule wa vijana wanaonyanyua vyuma kule Diani. Nikamwekea chai ya tangawizi, akakataa. "Mamdogo, huu lazima niutie maji baridi. Moto unaua protini." Akanywa hivyo hivyo, meno yakimgongana.

Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi, siwezi kunyamaza. Protini haina uhai hata iuawe. Ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Joto huukunjua tu, na tumbo nalo lingeukunjua vilevile.

Jumatatu, 10 Julai
Leo kautia kwenye chai inayotokota, kwa ubishi. Yakatoka madonge meupe yaliyoganda na kukwama kwenye chujio. "Si unaona!" Naona. Unga wake ni wa wei, yaani yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, kisha yakakaushwa. Protini zake huanza kushikana joto likifika nyuzi 70 hivi. Lishe yote imo ndani ya donge, kilichoharibika ni raha ya kunywa. Dawa yake ni ndogo: unga ukorogwe kwanza na maziwa baridi hadi ulainike, chai iachwe ipoe kiasi cha kunyweka, kisha imiminwe kidogo kidogo huku unakoroga. Kikombe cha pili kilikuwa laini, akakimaliza bila kusema neno.

Ijumaa, 14 Julai
Kumbe na mayai huyanywa mabichi! Nikamtolea utafiti wa Wabelgiji wa mwaka 1998: protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa asilimia 91 hivi, ya yai bichi asilimia 51. Moto ulikuwa unamsaidia, yeye anaukimbia.

Soya ndiyo zaidi. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokizima kimeng'enya cha kusaga protini tumboni. Ndiyo maana jirani yangu namkazania: uji wa unga wa soya uchemke sawasawa, usiepuliwe mara tu unapoanza kutoa povu.

Jumapili, 16 Julai
Nisiusafishe moto kupita kiasi. Vitamini C na B1 hupungua kwa joto, kwa hiyo mkebe uliotiwa vitamini utapoteza kidogo. Protini ikikaangwa kavu pamoja na sukari kwa muda mrefu, asidi amino ya lisini nayo huharibika. Kikombe cha chai hakifiki huko. Na vile vipakiti vya virutubishi vya watoto havipikwi kabisa: hunyunyizwa kwenye chakula kilichokwisha kupoa, la sivyo utando unaofunika madini ya chuma huyeyuka, chakula kikageuka rangi na ladha.

Mimi ninayoilaumu ni chai yenyewe, inayozuia mwili kufyonza chuma cha mboga na nafaka. Hilo mpwa wangu hajaliuliza, na mkebe haujaliandika.

Nimempigia hesabu ya mwisho. Kipimo kimoja cha unga wake kina gramu 20 na kitu za protini. Mayai matatu yana kama 18, na hapa stendi yanauzwa yamechemshwa tayari, kachumbari juu.